Kupanda Boti Old Town Msa: Uliza Maji Kwanza, Bei Baadaye

Kila mbogi ya Kanairo ikishuka Msa huwa na siku moja kama hii. Mmeingia na SGR, mmelipa keja ya siku nne Nyali, mmekula biryani, mmepiga picha za pwani mpaka simu ikasema imejaa. Siku ya tatu ganji imeanza kupungua, jua ni kali, na mtu anauliza, "Sasa leo tunafanya?" Lazima kuwe na mmoja wa kusema: twende Old Town tupande boti, tuzungushwe.

Hiyo form ni fiti, sitakudanganya. Saa moja juu ya maji, kutoka Fort Jesus mpaka Nyali Bridge na kurudi, inakuonyesha Mombasa yenye huwezi ona ukiwa kwa tuktuk. Shida ni kwamba wengi wetu tunauliza kitu kimoja tu: ni how much? Na hiyo ndio inafaa kuwa swali ya mwisho.

Najua ju nilifanya hiyo makosa, na ilinikalisha juu ya tope masaa mawili.

Siku boti ilikataa kurudi

Nilikuwa na miaka 22. Mwaka huo nilikuwa nimeacha college, diploma imefika nusu, karo imekataa kupatikana, na mabeshte wakaniambia nitoke Nairobi nipumue kidogo. Tulishuka wakati wa Idi, ile ya kufungua Ramadhani. Old Town ilikuwa imejaa watoto wamevaa nguo mpya, kila mlango unanukia mapishi, kila mtu ako na raha.

Saa tatu na nusu asubuhi tulikuwa karibu na Fort Jesus, kwa ngazi za kuteremka majini. Chali wa rika letu akatuita. Boti ya faiba, injini moja nyuma, turubai juu. Akasema soo tano kila mtu. Tukasema soo mbili. Akaangalia chini kidogo, akasema sawa, lakini tungojee aongeze watu wengine. Tukajiona wajanja sana. Tuliondoka tukiwa kumi na moja, na hakuna mtu aliuliza kitu ingine.

Jaketi za kuelea zilikuwa, ukweli usemwe. Zilikuwa kwa gunia chini ya kiti cha mbele, na gunia imefungwa kamba. Hakuna mtu alizitaka. Nani anataka picha ya Instagram akikaa kama msee wa kuchimba barabara?

Tukapita chini ya Nyali Bridge tukaingia huko ndani kwa mikoko. Dame mmoja akataka picha karibu na mizizi. Chali akakata kona, injini ikapiga kelele kama blenda yenye imemeza kijiko, alafu kimya. Boti ilikuwa imekalia tope. Akasukuma na mti, ikakataa. Akashuka, akazama mpaka kwa paja. Na kila tukicheki pembeni, maji yalikuwa yanazidi kutuacha. Baada ya nusu saa tulikuwa tumezungukwa na tope nyeusi, na kaa wadogo wametoka kwa mashimo yao wanatuangalia.

Tulikaa hapo kutoka saa nne mpaka saa sita. Watu kumi na mmoja, chupa mbili za maji, jua la Mombasa. Mtoto mmoja mdogo alilia mpaka akalala.

Maji yakarudi yenyewe, polepole, boti ikainuka. Tukashangilia. Lakini tukifika karibu na daraja injini ikazima, na mkondo ukaanza kuturudisha nyuma huku boti inageuka upande. Hapo ndio nikauliza jaketi. Chali akajaribu kufungua ile kamba ya gunia na vidole vimejaa tope. Ikakataa kufunguka. Mimi sijui kuogelea. Nilishika ubao wa kiti na mikono yote mbili, nikaanza kuhesabu wasee wenye wako mbele yangu kwa hiyo gunia moja.

Injini iliwaka baadaye. Tulifika. Lakini sikupanda boti tena mpaka mwaka jana.

Mzee alisoma kosa langu kwa mwezi

Mwaka jana nilirudi Msa kwa beshte yangu wa Kibokoni. Nikamwambia mimi na boti hapana. Akacheka, akasema atanipeleka kwa mjomba wake, mzee amekuwa baharini tangu akiwa kijana. Nikampata amekaa kwa kibaraza, kahawa tungu mkononi. Nikamsalimia shikamoo, nikampa stori yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho alafu akauliza maswali mawili tu.

"Idi mosi, siyo?"

"Ndio mzee."

"Na mlitoka saa tatu u nusu?"

"Ndio."

Akatingisha kichwa. "Mwanangu, mwezi umeandama juzi tu. Hayo ni maji ya bamvua. Saa hiyo bahari yote yatoka, na nyinyi mwaingia mikokoni. Mngerudi na nini?"

Sikuwa nimemwambia siku wala tarehe, na bado alijua maji yalikuwa wapi. Nikamuomba anifunze, na nitakupea venye alinielezea, ju ni rahisi kuliko venye unadhani.

Maji ya Mombasa yanaenda aje

Bahari haikai mahali pamoja. Inajaa, alafu inakupwa, yaani maji yanashuka na kurudi nyuma. Kwa siku inajaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa kabisa mpaka kupwa kabisa ni masaa sita na dakika kadhaa. Na kila siku saa inasonga mbele kama dakika 50. Kama leo maji yamejaa saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu saa kumi na dakika 50.

Mwenye anavuta hayo maji sana sana ni mwezi, na jua linasaidia. Mwezi ukiwa mchanga kabisa, ama ukiwa mpevu, yaani umejaa, hao wawili wanavuta kwa mstari mmoja. Maji yanapanda sana na kushuka sana. Hiyo ndio watu wa Pwani wanaita bamvua. Kwa Mombasa, siku za bamvua tofauti ya maji ya juu na ya chini inaweza kupita mita tatu. Hiyo ni urefu wa nyumba ya chini. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta upande wake, kwa hivyo maji yanasonga kidogo. Hayo yanaitwa maji mafu.

Sasa cheki hii, ju itakusaidia maisha yako yote ukiwa Msa. Hapa Mombasa, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi ama saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Na hukupwa kwenye saa nne ama saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu inageuka: kujaa ni karibu katikati ya asubuhi, kupwa ni jioni.

Idi ya kufungua Ramadhani huja mwezi ukiandama. Kwa hivyo lazima iwe bamvua, na lazima asubuhi maji yawe yanatoka. Sisi tuliingia kwa mikoko saa nne, maji yakaisha kabisa kama saa tano, yakarudi kutubeba saa sita. Haikuwa bahati mbaya. Mtu yeyote mwenye anajua mwezi angetuambia kabla tuondoke.

Mkondo nao unafuata hiyo hiyo hesabu. Maji yakijaa, mkondo unaingia ndani ya Tudor Creek. Yakikupwa, unatoka kuelekea baharini, na hapo kwa Nyali Bridge penye pamebana unakimbia zaidi. Mzee aliniambia kitu chenye kilinikausha. Injini yetu ilizima maji yakiingia, ndio maana tulisukumwa ndani. Kama ingezima saa tatu na nusu, wakati maji yanatoka, tungevutwa upande wa Fort Jesus, tupite, tuelekee nje kwa mlango wa bahari. Kumi na mmoja, na gunia moja imefungwa kamba.

Kwa hivyo saa poa ya kupanda ni wakati maji bado yanajaa, kama saa moja ama masaa mawili kabla yafike juu. Kuna kina cha kutosha, hukwami, na kitu ikiharibika unasukumwa ndani penye kuna watu na maboti. Ukitaka jua la kushuka, chagua siku zenye mwezi ni mchanga ama umejaa. Hapo maji yamejaa jioni, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, na unapata kila kitu pamoja. Ukitaka uhakika wa dakika, tafuta kwa simu majedwali ya maji ya Mombasa ya siku hiyo. Yanatolewa mwaka mzima mbele.

Upepo pia ni hesabu. Kaskazi, kama Desemba mpaka Machi, bahari huwa tulivu. Kusi, kutoka kama Aprili mpaka Septemba, nje huwa kuna mawimbi, na Aprili na Mei mvua pia iko. Tudor Creek imejificha kidogo, lakini nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze na soo mbili zaidi.

Unaona nini ukiwa huko

Tulitoka saa tisa na nusu, maji yakiingia. Kitu ya kwanza ni Fort Jesus yenyewe, yenye watu wa hapa wanaita tu Ngome. Ukiwa juu kwa lango unaona jengo kubwa la zamani. Ukiwa chini kwa boti unaelewa kwa nini iko hapo. Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, ramani ikachorwa na Muitaliano anaitwa Giovanni Battista Cairati. Waliiweka mahali penye kila chombo cha kuingia bandari ya zamani lazima kipite mbele yake, karibu kabisa. Kuta zinasimama juu ya mwamba wa matumbawe, na mwenye anakaa huko juu na mizinga ndio anaamua nani anaingia Mombasa.

Ndio maana ilipiganiwa sana. Kutoka Machi 1696 mpaka Desemba 1698 Waomani waliizingira. Wenye walikuwa ndani waliisha na njaa na magonjwa kuliko risasi, na msaada wao ulikuwa unaweza kuja na bahari peke yake. Meli moja ya Wareno, Santo António de Tanná, ilitumwa kusaidia, ikazama hapo mbele ya Ngome 1697. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280 mpaka wataalamu wakaichimbua mwishoni mwa miaka ya 1970. Vitu vyake viko ndani ya makumbusho ya Fort Jesus. Mzee alipunguza injini, akaonyesha maji na kidole. "Iko hapa chini, tuipite taratibu." Mimi nilikuwa nimelipa kuingia hiyo makumbusho nikiwa mwanafunzi, nikapita hizo vyungu bila kusoma. Siku hii nilikuwa naelea karibu na kaburi lao.

Mbele kidogo ni Bandari ya Kale. Hapa ndio majahazi yalikuwa yanafika na kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India, na kurudi na kusi. Yalileta tende, mazulia, vyungu. Yalibeba boriti za mikoko, zenye zilikuwa zinaezeka nyumba huko Ghuba kwa sababu huko miti ni shida. Meli kubwa zilipohitaji kina zaidi, biashara ikahamia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, na jina lenyewe linakuambia: kilindi ni mahali pa maji ya kina. Lakini Bandari ya Kale haijakufa. Bado utapata vyombo vya mbao vimefunga, mabaharia wameanika nguo, mtu anapika chai kwa deki.

Nyuma yao ni nyumba za Old Town zimesimama juu ya ukingo, roshani za mbao zinaangalia maji. Ukitembea kwa vichochoro vya Old Town unaona milango na migongo ya watu. Kutoka majini ndio unaona sura za nyumba. Wajenzi walijua wageni wanatoka wapi.

Upande wa pili ni Nyali na English Point, mahoteli na ghorofa za pesa ndefu. Alafu unafika Nyali Bridge. Hii ya sasa ilifunguliwa 1980. Kabla yake kulikuwa na daraja la kuelea juu ya maji, lilifunguliwa 1931. Kupita chini ya daraja ni noma ju unaskia matatu zikinguruma juu ya kichwa, na wewe uko kwa baridi ya kivuli. Bara ya huko Nyali ndio kulikuwa na Frere Town, makazi yenye wamisionari walianzisha miaka ya 1870 ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ile stage makanga wanaita "Kengeleni!" ilipata jina kutoka kengele ya hapo.

Ukipita daraja, creek inapanuka na mikoko inaanza. Mikoko si majani tu ya picha. Mizizi yake inashika tope, inazuia ukingo kubomoka, na samaki wadogo na kamba wanalelewa hapo. Ukweli pia ni kwamba utaona plastiki imenasa kwa mizizi, na sehemu zingine maji yananuka ju uchafu wa mji unaishia hapo. Utaona pia miche mipya imepandwa kwa mistari. Hiyo ni kazi ya vikundi vya vijana na kina mama wa mitaa ya ukingo huo. Usitupe chupa yako hapo, tafadhali.

Jaketi si ya urembo

Kabla boti itoke, mzee alitoa jaketi saba akazirusha kwa kila mtu. Beshte yangu mmoja akasema atavaa tukifika mbali. Mzee akazima injini.

"Mtongwe ilikuwa mbali?" akauliza.

Wasee wa umri wetu wengi hawajui hiyo stori. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka hapa Mombasa ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Ilikuwa na watu kama 400. Walikufa 272. Ilikuwa imetoka tu gatini, mita kama 40 kutoka ukingo. Mita 40 ni umbali wa kutembea ukimalizia soda. Mzee hakuongeza neno. Beshte akavaa.

Jaketi unavaa ukiwa bado kavu. Ukishaanguka, nguo zimelowa, umemeza maji, mikono inatetemeka, kuvaa ni kazi ngumu hata kwa mtu anajua kuogelea. Na kuna njia rahisi ya kujua kama inakutosha. Funga buckle zote, alafu beshte avute mabega ya jaketi juu. Ikipanda ikapita masikio, ni kubwa ama haijakazwa. Ndani ya maji itafanya hivyo hivyo, itaelea yenyewe na wewe utatoka chini yake. Mtoto apewe saizi ya mtoto. Ya mtu mzima haimshiki.

Kitu ingine ni kukaa. Boti ndogo inahesabu uzito. Mkisimama wote upande mmoja kupiga Fort Jesus picha, mnaiinamisha. Pigeni kwa zamu. Picha haiendi mahali, Ngome imekaa hapo zaidi ya miaka 400.

Bei: unalipia nini haswa

Mzee alisema ngiri mbili boti nzima. Tulikuwa saba. Nikaanza mdomo wa Gikomba, nikamwambia ngiri moja. Hakukasirika. Akaniuliza, "Wajua hiyo soo kumi uliyotoa nimeitoa wapi?"

Akahesabu na vidole. Petroli hawezi punguza, injini inakunywa venye inakunywa. Kijana wa kumsaidia lazima alipwe. Leseni na ukaguzi wa Kenya Maritime Authority lazima. Kwa hivyo mteja akikata bei sana, vitu vya kukatwa vimebaki viwili. Moja ni kununua jaketi mpya, zile za zamani zikae tu mpaka povu iishe nguvu. Ya pili ni kujaza watu: badala ya saba, anangoja wafike kumi na moja.

Nilinyamaza. Nilikumbuka yule chali, soo tano yake yenye tulifanya soo mbili, na venye aliangalia chini alafu akasema aongeze watu. Miaka yote nilikuwa nikimlaumu yeye. Alikosea, hiyo ni kweli. Lakini ile siti ya kumi na moja tuliinunua sisi.

Simaanishi ulipe kila kenye unaitishwa. Bei ya mgeni iko, na beach boys wengine wataongeza ya juu ju umevaa miwani. Negoshieti, lakini negoshieti vitu sawa. Uliza bei ni ya boti ama ya kichwa. Uliza ni dakika ngapi, na mnafika wapi, darajani ama ndani mikokoni. Uliza kama ni kwenda na kurudi. Usicheke, kuna watu wameitishwa pesa ya pili wakiwa katikati ya maji. Lipa nusu kabla, nusu mkirudi. Na mkiwa mbogi kubwa kuliko boti, chukueni boti mbili ama mpande kwa awamu.

Sisi tulichanga soo tatu kila mtu. Ikabaki mia moja, ikaenda kwa viazi karai.

Kama umesota kabisa

Kuna feri ya Likoni, na ukiwa kwa miguu haulipi kitu. Ni safari ya dakika chache tu, lakini ukibahatika unaona meli ya kontena inapita kuelekea Kilindini, kubwa kuliko ghorofa za mtaa wenu. Usiende asubuhi ama jioni watu wakitoka job, ju hapo wewe unatalii na wenzako wanasukumana kufika kazini. Ukimaliza, tembea Mama Ngina Waterfront, kaa chini na dafu na mihogo ya kukaanga, angalia meli zikiingia.

Kabla uweke mguu ndani

Hii ndio orodha yangu siku hizi. Piga picha uweke kwa simu:

1. Maji yako wapi? Yanajaa ama yanakupwa, na yatafika juu saa ngapi? Nahodha wa kweli anajibu bila kufikiria. Akianza kubabaika, sare.

2. Boti inabeba wangapi? Angalia kama imeandikwa idadi, alafu hesabu vichwa mwenyewe.

3. Jaketi ziko wapi? Jibu linafaa kuwa mkononi mwako. Kama ziko kwa gunia, ngoja gunia ifunguliwe.

4. Kuna kitu ya pili injini ikizima? Kasia, nanga, simu yenye chaji na namba ya mtu wa kuja kuwachukua.

5. Maji ya kunywa na kofia. Hata kama ni saa moja tu. Mimi pia nilidhani ni saa moja tu.

6. Old Town ni nyumbani kwa watu. Funika mabega ukipita vichochoroni, omba ruhusa kabla upige mtu picha, na wazee wapewe shikamoo yao.

7. Sasa ndio uulize bei.

Tulirudi jua likiwa linashuka nyuma ya mji, Ngome imegeuka rangi ya chungwa, maji yamejaa mpaka ngazi tatu za mwisho hazionekani. Mzee akatushika mkono mmoja mmoja tukishuka. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Kuogelea wajua?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi rudi kwa maji mafu, asubuhi. Kijana wangu atakufunza hapo penye mchanga. Mwezi ukiwa nusu."

Nimeshahesabu. Ni wiki ijayo Alhamisi.